Misalaba Kumi na Mmoja ya Chaki

Kwanza tuelewane: mimi sidanganywi na rangi. Nimegonga magurudumu ya treni miaka thelathini na moja, na gurudumu halina urembo. Unapita kando ya behewa na nyundo yako ya mpini mrefu, unagonga, unasikiliza. Gurudumu zima linakujibu kwa sauti moja safi, linaimba mpaka mwisho. Lenye ufa linakujibu kwa kikohozi. Ukisikia kikohozi unatoa chaki, unaandika msalaba, na behewa hilo haliendi popote hata kama ndani amekaa waziri na mashemeji zake wote. Na sheria yetu ilikuwa moja tu: msalaba wa chaki anaufuta aliyeuandika. Si dereva, si mkuu wa stesheni, si mvua. Mvua ikiufuta, nauandika tena.

Waliniita Bi Nyundo, na wala sikuchukia.

Sasa nimestaafu. Kwa miaka minne mimi na wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, tumekuwa tukijifunza kuendesha boti ya tanga. Msicheke. Tuliona tangazo limebandikwa kwenye duka la mikate, chama cha watu wanaosafiri kwa tanga mwisho wa wiki kinatafuta wanachama, na Wifi akanigeukia na mfuko wa mikate mkononi akasema, "Wifi, kwani sisi tuna nini tusiende?" Mwaka wa kwanza tulilowa chapachapa. Wa pili tulilowa kiasi. Wa tatu, wale vijana waliotucheka walikuwa wanakuja kutuuliza namna ya kupunguza tanga upepo ukichachamaa. Mimi nashika usukani na Wifi anashika kamba, na tukigombana tunagombana kwa sauti, tukifika nchi kavu yameisha.

Basi tukataka boti yetu wenyewe. Si mpya, nani anataka mpya? Iliyotumika, ndogo, mita nane hivi, yenye vitanda viwili, jiko la kichomeo kimoja, na choo chenye mlango unaofungwa. Tuondoke wiki tatu, wiki nne, tulale majini, turudi tukitaka. Wifi alikuwa mkunga. Maisha yake yote amekuwa mtu wa kuamshwa. "Nataka niende mahali," aliniambia, "ambapo wa kuniamsha ni upepo tu, na hata huo ubishe hodi kwanza."

Kaka yangu tunamwacha nyumbani kwa hiari yake mwenyewe. Yule hutapika hata kwenye bembea. Alichosema ni kimoja: "Tafuteni mkaguzi wa boti, mtu aliyesomea kazi hiyo."

Loo! Nilihamaki. Nilimwambia: mkaguzi wa boti ya faiba hufanya nini? Anapita na nyundo ndogo, anagonga ubavu, anasikiliza. Palipoingia maji au palipoachana tabaka, panatoa sauti iliyokufa. Sasa wewe, kijana niliyekufuta kamasi, unataka nimlipe mtu aje afanye mbele yangu kazi niliyoifanya tangu wewe huna ndevu? Kaka yangu akainua mikono juu, akarudi kwenye gazeti lake.

Wifi ndiye aliyelifunga jambo. "Mimi injini siijui, rangi siijui," alisema. "Nitalala kwenye boti ambayo sikio lako limeikubali. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, hata iwe ya dhahabu tunaiacha. Nimemaliza."

Nilitabasamu, lakini kwa uso tu. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo Wifi halijui, wala kaka yangu, wala mtu yeyote isipokuwa daktari wa masikio.

Miezi minne kabla ya hapo daktari huyo alinifungia kwenye kijumba cha kioo, akanivisha vidude vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Upande wa kushoto nilikaa nasubiri, nasubiri, nikadhani mashine imeharibika. Haikuharibika mashine. Alinipa karatasi yenye mistari miwili, mmoja unakwenda kama barabara na mwingine unaanguka kama ngazi za kushukia. "La kulia bado zuri," akasema. "La kushoto, mama, tusidanganyane." Karatasi ile niliikunja mara nane nikaitia kwenye kopo la vifungo, nikaweka na kifuniko.

Niliogopa. Nasema wazi. Sikuogopa uziwi, niliogopa Wifi akijua, atasema basi, safari imekufa, siwezi kwenda majini na nahodha wa nusu sikio. Na pia niliogopa asijue, nimchagulie boti mbovu, tuzame wote wawili katikati ya maji kwa sababu ya kiburi changu. Nilibeba hofu hizo mbili, moja kila bega, na usoni nikaendelea kuwa Bi Nyundo.

Boti ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa ya fundi saa. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu, kwenye uwanja wa boti nyuma ya karakana, imesimama juu ya mkuku wake, ule uti wa chini, na kuegemezwa nguzo za chuma pande zote. Jina lake *Sina Haraka*. Rangi yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, miwani juu ya paji, na jambo analoweza kulisema kwa neno moja halisemi kwa mawili.

Ila alikuwa ameandika. Ndani ya boti ile kila kitu kilikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye mwandiko mdogo kama wa sisimizi. Kwenye dirisha: *Huvuja mvua ikitokea kulia.* Kwenye bomba: *Jipya, mwaka juzi.* Kwenye tanga kubwa, kando ya viraka vitatu: *Nimeshona mwenyewe, nisameheni.* Na kwenye swichi ya injini: *Mara ya tatu.*

"Mara ya tatu nini?" nikauliza.

"Washa," akasema fundi saa, akafungulia mpira wa maji wa kuipoza.

Nikawasha, ikakohoa. Nikawasha tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, ikatulia, ikaunguruma kama mtu aliyeshiba. Wifi alicheka mpaka akakaa. Alilala kwenye kitanda kimoja, akahamia cha pili, akafungua mlango wa choo na kuufunga mara mbili. Nilimwona ameshaipenda, na mimi nikajiambia, aa, mama, mapenzi baadaye, kazi kwanza.

Nilitoka nje na nyundo yangu ndogo, ambayo kichwa chake nilikuwa nimekivisha ngozi ya soli ya kiatu isije ikakwaruza. Nikaanza omo, mbele kabisa ya boti. *Tang', tang', tang'.* Nilihakikisha kila mara sikio la kulia ndilo lililo karibu na boti, na kwa kuwa kila ubavu nauanzia omo, upande mmoja nilitembea mbele na upande wa pili nikatembea kinyumenyume. Fundi saa aliniangalia.

Wifi alikuwa bado ndani. Mkobani mwake hubeba kile kijipembe cha mti ambacho wakunga huweka juu ya tumbo la mama wamsikilize mtoto. Amestaafu miaka miwili lakini hakiachi, anasema mkoba bila pembe ni mwepesi mno unamtia wasiwasi. Basi alikiweka kwenye ukuta wa mbao unaokata boti katikati, akatega sikio, akapiga kelele: "Wifi! Nakusikia mpaka huku ndani! Kama moyo!"

"Tulia, niko kazini!" nikamjibu.

Na kazi ilikuwa inaniharibikia. *Tang', tang'*, halafu *bu*. Nikagonga tena: *bu*. Nikatoa chaki, msalaba. Hatua moja mbele, tang' tang', halafu bu. Msalaba. Karibu na tezi, nyuma ya boti, bu, bu. Nilipomaliza kuzunguka nilihesabu misalaba kumi na mmoja. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona behewa lenye misalaba kumi na mmoja. Hilo si behewa tena, hilo ni chuma chakavu.

Nilimwambia fundi saa pole, boti yako mgonjwa. Na kwa vile kiburi changu kilikuwa kimeshaamka, nikamweleza na sheria: chaki hiyo asifute mtu, ataifuta aliyeiandika, ili mnunuzi mwingine asije akaingizwa mjini.

Aliitazama misalaba, akanitazama mimi. "Nimekusikia," akasema.

 Tulipofika kwake Wifi alisema, "Kilikuwa kitanda kizuri," akaingia ndani.

Juma lililofuata tulikwenda kuona ya pili. Mwenyewe daktari wa meno, amevaa viatu vyeupe uwanjani pale penye grisi kila hatua, nikasema moyoni huyu hajawahi kuinama chini ya boti yake. Lakini jamani, boti! Nyeupe, inang'aa; niliuona uso wangu ubavuni nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa. Ndani mito mipya ya buluu, mbao zimepakwa vanishi, na kila pembe ambapo ukuta unakutana na ubavu pamewekwa ubao mwembamba wa urembo, umepindwa vizuri kama pindo la gauni.

"Fundi seremala wangu alimaliza mwezi uliopita," alisema daktari. "Kulikuwa na vimianya havipendezi, nikamwambia avirembe."

Injini ilishika mara ya kwanza. Matanga hayana kiraka. Nikatoka na nyundo.

*Tang'.* Nikasogea. *Tang'.* Nikasogea tena. *Tang', tang', tang'*, omo mpaka tezi, sauti moja, safi, haipandi wala haishuki. Nilizunguka upande wa pili, kinyumenyume: ileile. Mwili ulinisisimka. Miaka thelathini na moja ilikuwa inaniimbia. Nikagonga mara ya pili kwa kujifurahisha tu, na chaki ikabaki mfukoni haijatoka hata vumbi.

"Wifi!" nikapaza sauti. "Wifi we! Tumepata! Hii nzima kama yai!"

Nikaita tena:

"Wifi!"

"Njoo ndani," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ambayo sijaisikia tangu astaafu.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta wa katikati, pembe ameiweka juu ya mbao, sikio juu ya pembe, macho ameyafumba. "Toka ugonge tena," akasema. "Hapa hapa, usawa wa mkono wangu. Ufunge mlango ukitoka." Nikatoka nikagonga, nikarudi. "Ulikuwa unagonga?"

"Nimegonga mara kumi!"

"Karibu sisikii kitu. Kule kwa fundi saa ilikuwa kama moyo. Hapa nasikia kwa mbali tu, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Ukuta huu haupokei."

 Nilikaa kwenye ule mto wa buluu. Nilijua maana yake: nimesikia uzima mahali penye ugonjwa. Sikio la kushoto limekufa na la kulia limelifuata, na mimi nipo nje natangaza yai zima. Kama Wifi asingebeba kile kijipembe, tungekuwa tumeshapeana mikono na yule bwana.

"Wifi," nikasema, "kuna jambo sijakwambia." Nikalisema lote, kijumba cha kioo, kitufe, karatasi na kopo la vifungo. Nilisema huku natazama viatu vyangu, na nilipofika kwenye "basi safari itafute nahodha mwingine" nikalia, mimi, kwenye boti ya mtu.

Wifi hakuinuka pale chini. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwaka sasa unanikalisha kulia kwako. Mezani, garini, kwenye boti ya chama. Nikikaa kushoto unahama. Unadhani mimi nimezalisha watoto nisioweza kuwahesabu kwa kutotazama watu?" Akaifuta pembe kwa upindo wa blauzi. "Nilisubiri useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, wifi. Hilo nimewaambia wanawake maisha yangu yote, sikujua nitakuja kumwambia na dada wa mume wangu."

"Kwa hiyo ulijua, na bado ukasema utalala kwenye boti niliyoichagua mimi?"

"Nimesema sikio lako. Sikusema masikio." Kisha akanikazia macho. "Sasa acha kulia unijibu. Ulisikia nini huko nje? Si ulidhani nini. Ulisikia nini?"

"Sauti moja. Tang'. Mwanzo mpaka mwisho."

"Hata hapa penye ukuta?"

"Hata hapa."

"Na penye kitanda? Na penye tangi la maji?"

"Kote sawasawa, nakwambia."

"Basi sikio lako ni zima," akasema Wifi. "Tumbo la mama, wifi, kila mahali lina sauti yake. Pa mgongo wa mtoto, pa kondo, pa maji. Ukikuta tumbo linalolia sawa kila mahali, hiyo si mimba, hiyo ni gesi."

 Kisha nikaliona, na nilipoliona nikataka kujigonga kichwa kwa nyundo yangu mwenyewe. Gurudumu ni chuma kimoja. Likiwa zima lina sauti moja, ndiyo uzima wake. Lakini boti si chuma kimoja! Boti ni gamba, na ndani yake kuna kuta zimelishikilia. Palipogandishwa ukuta, sauti lazima ibadilike, iwe nzito, iwe fupi, kwa kuwa nyuma yake kuna kitu kimekamata. Boti inayoimba wimbo mmoja omo mpaka tezi ni boti ambayo hakuna kilichoikamata popote. Kosa hilo hangelifanya mvuvi wala seremala wala mtoto wa shule. Lilikuwa linamsubiri mgonga magurudumu.

Wifi alitoa kadi yake ya maktaba mkobani. Akaichomeka nyuma ya ule ubao wa urembo, pale ukuta unapokutana na ubavu. Kadi ikaingia. Ikaingia tena. Ikazama yote, akabaki ameshikilia kwa kucha. Akaipitisha juu mpaka chini kama anakata keki, isigote popote.

"Debe tupu," akasema, "haliachi kuvuma."

Tulimwita daktari wa meno tukamwonyesha. Sitamsema vibaya, uso ulimshuka kweli, akashika kadi mwenyewe akaipitisha, akaipitisha tena, viatu vyeupe vile vimekanyaga mto. Alikuwa hajui. Aliona mwanya, akauvisha nguo. Nikamwambia akamtafute fundi wa faiba, aondoe urembo wote, kuta zigandishwe upya kabla boti haijagusa maji. Na nikampa chaki nikamwambia aandike msalaba mwenyewe, mlangoni. Aliuandika.

Tukaenda moja kwa moja kwa fundi saa. Njiani Wifi alikaa kushoto kwangu kwa makusudi, akaanza kuongea. Nikasema "Ee?" Akarudia kwa sauti kubwa. Nikasema "Ee?" tena kumkomoa, tukacheka wote wawili.

*Sina Haraka* ilikuwa imefunikwa turubai. Fundi saa alikuwa chini yake na kibao cha kukalia, anasugua kitu. Alipotuona aliinuka, akafungua kamba za turubai moja moja, na misalaba yangu kumi na mmoja ikatokea, myeupe, mikali, kama nimeiandika asubuhi hiyo.

"Mvua ilinyesha Jumatano," nikasema.

"Uliniambia asifute mtu," akasema. "Ndiyo nikafunika."

Mwanamume yule nilikuwa nimemtukania boti yake mbele yake, naye amenunua turubai kulinda matusi yangu.  Akatuonyesha ngazi. Tukaingia ndani.

Alikuwa amepima. Kwa kila msalaba wa nje alikuwa ametafuta mahali pake kwa ndani, akabandika utepe. Niliinama nikasoma mwandiko wa sisimizi kwa kufuatana. *Msalaba 1: ukuta wa mbele.* *Msalaba 2: ukuta huohuo, chini.* *Msalaba 3: ubao wa kitanda.* *Msalaba 4: tangi la maji, limejaa.* Ikaendelea hivyo hivyo, ukuta wa katikati, kabati la jiko, nguzo ya mlingoti, mpaka wa kumi. Kila *bu* niliyoisikia nje, ndani yake kulikuwa na kitu kimeishika boti kwa nguvu. Sikio langu lilikuwa limeichora boti ile yote, mimi nikaisoma ramani kichwa chini miguu juu.

Utepe wa kumi na moja ulikuwa chini ya dirisha, upande wa kushoto. Uliandikwa: *Hapa sijui.*

"Nyuma yake hakuna kitu?" nikauliza.

"Hakuna," akasema fundi saa. "Nimetafuta siku mbili."

Nikatoka nje. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakilowesha kwenye ndoo, nikafuta misalaba mmoja mmoja. Kila nilipofuta nilisema "samahani," na fundi saa kila mara aliitikia "haya." Kumi. Wa kumi na moja nikauacha.

Jumanne nikamwita mkaguzi. Ndiyo, mkaguzi aliyesomea, na kaka yangu alicheka mpaka akakohoa, nikamwambia acheke tu, siku yake imefika. Kijana alikuja na nyundo yake ya plastiki na kidude cha kupima unyevu. Alizunguka boti yote saa mbili nzima. Mwishowe alisimama kwenye msalaba wangu, akaweka kile kidude, akakisogeza kushoto, kulia, juu, chini, akainua uso.

"Maji yameingia hapa, kupitia tundu la skrubu pale juu," akasema. "Eneo la upana wa sahani ya chai, si zaidi. Penginepo pote pazima. Nani aliyeweka msalaba?"

Wifi alimjibu kabla yangu. "Nahodha," akasema.

Tuliinunua siku ileile. Fundi wa faiba alikata pale palipooza, akapakausha, akapajaza tabaka kwa tabaka, ikamchukua majuma mawili. Aliambiwa na fundi saa, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba akimaliza aurudishe msalaba ulipokuwa, maana aliyeuandika hajaufuta. Akaurudisha, kwa chaki, juu ya rangi mpya iliyokauka jana yake.

Asubuhi ya kuishusha majini tulikuwa watano uwanjani, pamoja na kaka yangu, ambaye alisimama mbali na maji kwa tahadhari. Winchi ilikuwa tayari. Nikaomba dakika moja. Nilikwenda kwenye msalaba, nikainamisha kichwa mbele ya watu wote, nikaiwekea boti sikio la kulia, sikujificha wala sikutembea kinyumenyume. Wifi alikuja akasimama kushoto kwangu, mahali ambapo mimi sina kitu.

Nikagonga. *Tang'.* Safi, sawasawa na jirani yake. Kushoto kidogo, penye ukuta, *bu*. Nikageuka.

"Vipi?" akauliza Wifi.

"Nzima."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, kimeshaloweshwa. Katika miaka thelathini na moja hakuna mkono mwingine uliowahi kufuta chaki yangu; mkuu wa stesheni alijaribu mara moja, akahamishwa yeye. Nikamnyooshea Wifi.

"Futa wewe," nikamwambia.

Alinitazama kwanza, ahakikishe. Kisha akafuta.